Picha Isiyo na Kichwa

Zalihata, mwanangu wa kwanza na fundi wa pili wa studio hii (wa kwanza ni mimi),

Hali yako sikuulizi, maana naisikia. Uko nyuma ya pazia hapo, unafunga sanduku ambalo umelifunga na kulifungua tangu asubuhi, na unaimba. Imba. Kesho unapanda boti kwenda Mutsamudu, mtu wa kwanza wa nyumba yetu ya hapa kuvuka kwenda kule tangu kisiwa cha Nzwani kijitenge, na mimi mama yako nimekaa kwenye stuli ya wateja, mlango nimeushindika, moyo wangu kwatu kama mtu aliyeshinda kesi. Nafasi ilipatikana moja, na mdogo wako bado ananyonya, kwa hiyo zamu yangu itasubiri. Koko, bibi yako, amekuomba wewe, na wewe ndiye unayekwenda.

Mambo ya safari sitayagusa. Baba yako amekwishayamaliza: ukae wapi botini, dawa za Koko ziko mfuko gani, uwajibu nini askari wa gatini. Shangazi zako wa Ikoni wameongeza yao, na ukiyafuata yote utachoka kabla hujaondoka. Mimi nataka kukueleza habari ya picha moja, na nataka uisome barua hii leo, kabla hujachagua nguo ya kesho. Sababu utaiona mbele.

Naandika kwa Kiswahili, na si maringo. Mjomba wangu Salimu aliileta lugha hii kutoka Unguja alikokulia, akanifundishia kazi kwayo, nami nikakufundishia wewe kwayo, kule kwenye chumba cha giza. Mpaka leo siwezi kutaja dawa za kusafishia picha kwa lugha yetu ya nyumbani. Tena baba yako hataweza kuisoma kabla yako, na hiyo ni faida nyingine.

Picha yenyewe unaijua. Iko ukutani juu ya meza ya kukatia: kanzu nyeupe, kifua na mabega ya mwanamume, basi. Kichwa hakuna. Mwanamke mmoja wa Vuvuni aliniuliza kama kichwa kimekwenda kwa mpiga picha mwingine. Wewe mwenyewe uliniomba tuitoe, tuweke ile ya bibi harusi mwenye dhahabu, nikakwambia iache, ni ya kujaribia lenzi. Haikuwa ya kujaribia lenzi. Ni picha bora kuliko zote nilizopiga maishani mwangu.

Nianzie mbali kidogo. Unajua kwamba kwetu Mutsamudu sherehe ya wanawake haingii mwanamume, hata awe na kamera ya dhahabu. Mjomba Salimu alikuwa akikaa nje ya ukuta, anasikia ngoma, anasikia vigelegele, anaumia. Alikuwa akisema picha zote nzuri za mji ziko ndani na yeye amebakiziwa wanaume wanaotaka picha za paspoti. Ndipo akanitia kamera mkononi, mimi mpwa wake, msichana mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, akanisukuma ndani. Sheria zake zilikuwa tatu: kichwa kionekane, miguu ionekane, mikono yote miwili ionekane. Kumkata mtu mguu pichani kulikuwa sawa na kumtukana. Na kabla ya kubonyeza, useme kwa sauti, “Tazama hapa!”

Niliyashika yote, mwanangu, nikayashika mno. Niliwapigia kelele maharusi, mahujaji, mabwana waliovaa majoho yao ya bushuti siku ya Ndoa Kubwa, ile inayompa mtu cheo mjini, na wote walinyooka, wakakaza uso, wakashusha mikono. Kwetu picha ni mgeni wa heshima, na mtu hamlegezei mwili mgeni wa heshima. Kukumbatiana ndiyo kabisa. Hadharani tunapeana mikono, mdogo anainama, anasema “Kwezi”, mkubwa anaitikia, yamekwisha. Kumbatio lenyewe liko ndani, ukumbini, nyuma ya mlango, na kamera ikitokea watu wanaachiana kama wamekamatwa wakiiba. Nikaamua kwamba kumbatio si kazi ya mpiga picha. Uamuzi huo nilikuja nao Moroni nilipoolewa na baba yako, nikafungua studio nao.

Kitu kingine nilichokiacha kwa ajili ya kamera ni msinzano. Koko, mama yangu, hajawahi kuamka bila kusaga msandali kwenye jiwe la tumbawe na kujipaka ile liwa ya manjano uso mzima. Mimi pia nilijipaka, mpaka kitundu cha kuchungulia cha kamera ya Mjomba kikaziba. Alinigombeza sana. “Chagua,” akasema, “uso au kamera.” Nikachagua kamera. Koko alinuna kwa muda mrefu, na tangu siku ile jina langu kwake ni Uso Mtupu.

Kisha wakubwa wa Moroni na wakubwa wa Mutsamudu wakagombana, na ugomvi wao ukatuangukia sisi. Boti zikasimama. Simu ikawa inalia upande wetu tu. Nzwani tulikuwa tunakiona kwenye ramani ya shule yako na kukisikia redioni, na mama yangu yuko kule ndani, katika nyumba ile niliyojengewa mimi, peke yake na mdogo wangu Humadi.

Hapa mjini watu walianza kusikiliza jinsi ninavyosema kabla ya kusikiliza ninachosema. Muuza samaki mmoja pale Volovolo aliniambia, “Nyinyi si mmetukataa? Kanunue kwenu.” Bi Mariama, jirani yetu, alinitania neno kama hilo mlangoni pake, nikaacha kumsalimia. Na mimi nikafanya ujinga: nikaanza kuunyoosha mdomo wangu, nikasema kama mtu wa Moroni aliyezaliwa Moroni, ndiyo maana kwa muda hukunisikia nikisema Kinzwani nje ya nyumba. Huko uendako watakusikia Ungazija, lafudhi ya kisiwa hiki cha kwenu, mdomoni. Waache wausikie. Mimi niliunyoosha wangu na samaki hakuwa mtamu zaidi.

Subiri, kuna mtu anabisha.

Nimerudi. Kijana anataka picha za kitambulisho, naye anasafiri kesho, mtakuwa pamoja. Nimempiga, kichwa kipo.

Katikati ya mambo hayo ukaja ujumbe wa Koko. Ulizunguka kupitia kisiwa cha Mahore kwa mdomo wa mfanyabiashara mmoja, naye akausema kama alivyoambiwa, mpaka sauti yake aliiga: “Mwambie Uso Mtupu nimechoka na picha zake za watu waliosimama kama wanasubiri hukumu. Je, huko Moroni hamkumbatiani? Naumwa, chakula hakipiti, na nyumba imekuwa kubwa. Aniletee kumbatio.”

Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikatafuta filamu. Wewe hapa unakumbuka. Nilikusimamisha na baba yako mbele ya pazia la bluu, nikaamuru, “Kumbatianeni!” Baba yako akaweka mikono mabegani mwako kama anayepima kabati kuona kama litapita mlangoni. Ukacheka, naye akacheka, na mimi nikawafokea wote wawili. Nikajaribu na shangazi zako. Nikawasogeza, nikawainamisha vichwa, nikawapanga vidole. Niliposafisha zile picha niliona mikono ya kutosha, lakini kumbatio halikuwemo hata moja. Sikumpelekea Koko kitu, na kila siku iliyopita niliogopa kwamba atakufa kabla sijajua kazi yangu.

Lisilokuwa katika kumbukumbu zako ni hili linalofuata. Ulikuwa Ikoni kwa mitihani.

Ikasikika kwamba boti moja imeruhusiwa kuleta watu waliokwama Mutsamudu, na Humadi yumo, amepata kibarua hapa. Nikachukua kamera na filamu niliyobaki nayo, nikaenda gatini. Nilijiambia: leo watu watakumbatiana bila kuamriwa, na mimi nitakuwa karibu. Mji mzima ulikuwepo. Mbele yangu alisimama mama mzee wa Nsujini, anamngoja mwanawe, na alikuwa akimwuliza kila mtu kama boti ile ndiyo yenyewe.

Kijana wake akashuka. Yule mama alimrukia, Zalihata. Leso ikamwanguka kichwani, hakuiokota. Alimshika mgongoni, kanzu ikakunjamana mikononi mwake, na kijana akaficha uso shingoni mwa mama yake. Mwanga ulikuwa mzuri, nilikuwa hatua chache tu, kamera iko jichoni. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukapiga kelele: “Tazameni hapa!”

Wakatii. Waliachiana, wakanyooka, kijana akamwokotea mama leso, mama akajifunika, wote wawili wakanitazama kwa macho yaliyolowa na mikono imeshuka. Nikabonyeza kwa aibu. Wakubwa waliwatenganisha mara ya kwanza, na mimi nikawatenganisha mara ya pili. Yule mama akaniuliza kwa upole, “Imetoka vizuri, mwanangu?” Nikamwambia imetoka vizuri sana. Picha hiyo ninayo, iko kwenye bahasha chini ya droo, na kichwa, miguu na mikono vyote vimo.

Nilikuwa nimeishusha kamera, nataka kurudi nyumbani, nilipomwona Humadi. Alikuja taratibu, mikono ameitanua pembeni, na shuka amelifunga shingoni likimfunika kifua kama mtoto aliyemaliza kulishwa uji. Nikakimbia kumpokea. Akarudi nyuma.

“Dada, simama hapo! Usiniguse!”

“Umeumia?”

“Sijaumia. Nina mzigo wako.”

Akalifunua shuka. Juu ya kanzu yake nyeupe, upande wa moyo, palikuwa na alama ya manjano. Nikaona paji la uso. Nikaona mstari wa pua, umelalia upande, na shavu moja.

“Mama alikuwa ametoka kujipaka,” Humadi akasema, “msinzano haujakauka. Amenishika gatini, dada, mbele za watu, mbele za askari, akanigandamizia uso hapa mpaka nikasikia mifupa. Mimi nalia, yeye ananiambia, ‘Usijidanganye, hili si lako. Mpelekee Uso Mtupu.’ Nimelala chali safari nzima. Watu wanatapika kulia na kushoto, mimi nalinda kifua. Haya, lichukue, nimechoka.”

Nilitaka kujitupa pale pale. Lakini nilijua nikishaweka uso wangu alama itavurugika, na Koko aliniomba picha. Nikainua kamera. Mazoea yakanirudisha nyuma nipate kichwa cha Humadi, nipate miguu yake, na kila nilipomwingiza mzima ikawa picha ya Humadi mwenye kanzu chafu. Nikasogea mbele. Nikamkata miguu. Nikamkata mikono. Nikasogea tena, nikamkata kichwa, na ndani ya kitundu akabaki mama yangu peke yake. Sikumwambia mtu atazame wapi. Nikabonyeza.

Halafu nikaitupa kamera mgongoni, nikaweka uso wangu pale alipoweka wake. Palinuka msandali, moshi wa jiko na jasho la Humadi. Nililia kwa sauti gatini Moroni, mbele ya watu wale wale niliowafundisha kusimama wima, na Humadi akanikumbatia kweli kweli, na hakuna aliyetupigia kelele tutazame wapi.

Nilibaki na hofu moja. Filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na mimi sikujua kama manjano ile hafifu ingeonekana juu ya kanzu. Kwenye chumba cha giza nikaitia karatasi katika beseni, nikaitikisa kama nilivyokufundisha, polepole. Yakatoka mabega. Ikatoka mikunjo ya kanzu. Kifuani hamna kitu, peupe. Nikasema nimeharibu. Kisha kivuli kikaanza kupanda katikati ya ule weupe, kwanza paji, halafu pua, halafu shavu, na mama yangu akanitokea ndani ya beseni, amefumba macho, amegandamiza uso kwa mtu anayempenda. Nikasema, “Karibu, mama.” Kisha nikapiga vigelegele peke yangu gizani, nikacheza, nikapindua beseni la maji, na sikujali.

Mara mlango ukabishwa, na aliyebisha alikuwa Bi Mariama. Alisikia vigelegele akadhani kuna posa. Nilikuwa simsalimii, lakini furaha haikunipa nafasi ya kununa, nikamwonyesha picha ingali inachuruzika. Sikumweleza neno. Aliitazama, mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kifuani pake, akasema, “Huyu ni mama wa mtu.” Nikamwambia, “Wangu.” Akakaa chini, akasema, “Nisamehe lile neno, dada yangu.” Tangu siku hiyo ni watu wawili tu mjini waliojua picha ile ni ya nini, yeye na Humadi. Ndiyo, mwanangu, Bi Mariama anaweza kutunza siri. Hata mimi nilishangaa.

Kwa nini wewe sikukwambia? Nilitaka kukaa nayo peke yangu kwanza. Ilikuwa kumbatio langu, nami nilikuwa na njaa nalo.

Nakala nilimpa yule mfanyabiashara, ikazunguka kupitia Mahore. Aliporudi alinieleza kwamba Koko aliuliza mwanamume huyu kichwa chake kiko wapi. Akaigeuzia dirishani, akajishika pua, akaishika ile ya pichani. “Hii pua ni yangu,” akasema. “Mwambieni Uso Mtupu sasa ameijua kazi.” Na akaomba aletewe chakula. Nilishinda, Zalihata. Boti zilikuwa hazipiti, simu haisemi, na kumbatio likaenda na kurudi mbele ya pua za wakubwa wote.

Sasa unakwenda kuishi katika nyumba yangu, ambayo kwa desturi yetu ni yako tangu ulipozaliwa. Ufunguo wa studio ya Mjomba Salimu anao Koko. Tangu Mjomba afariki, wanawake wa Mutsamudu wanaozesha mabinti zao bila picha, na tayari kuna harusi inayokungoja. Utaingia nyuma ya ule ukuta kama nilivyoingia mimi. “Tazameni hapa” itakutoka mdomoni, maana nimekupandikizia mwenyewe. Ikikutoka, usione aibu kama nilivyoona mimi, piga tu, uwape picha yao ya heshima, kisha ubaki. Wakishasahau kwamba upo, watashikana. Na ukiwakosa wakishikana, angalia nguo zao wakishaachiana, angalia leso iliyokwenda upande, angalia mahali mkono ulipokunja kitambaa. Mimi nilichelewa kulijua hilo, wewe unaondoka nalo ukiwa bado msichana, na hilo tu linanitosha kuona fahari.

Nimebakiwa na jambo la nguo.

Vaa ile blauzi nyeupe ya pamba. Shangazi zako waage leo hii, wakukumbatie wanavyotaka, na kesho wakija gatini wape mkono, wanune. Chini ya meza ya kukatia nimeweka kipande cha msandali na jiwe la tumbawe la Bi Mariama. Alfajiri nitasaga, nitajipaka uso mzima, na kamera itakaa nyumbani. Utanicheka, maana hujawahi kuniona hivyo. Mimi nitakuwa wa mwisho kukuaga, na nitakushika pale pale gatini, mbele ya askari, mbele ya yule kijana wa kitambulisho, na sitakuachia mpaka usikie mifupa.

Funga leso juu yake, ulale chali. Hilo si lako.

Ukifika, Koko atakuja na uso wake. Sema “Kwezi” kama ulivyofundishwa, lakini usimngojeshe, na kamera usiitoe. Fungua leso, umwache auweke uso wake juu ya wangu. Akae hapo anavyotaka. Baadaye ivue blauzi, itundike karibu na dirisha penye mwanga, uipige picha uniletee. Haitakuwa na kichwa. Nataka tu kuona kama paji lake limelipata langu.

Ni mimi mama yako,

Uso Mtupu, mpaka alfajiri.